Kuku Wawili wa Ng'washi

Esnath alidhulumiwa mchana kweupe, katika gereji moja ya Iringa mjini, wakati yeye mwenyewe ameketi msibani mtaa wa pili. Ilikuwa Machi 2023. Aliliacha gari lake kwa mafundi ili wabadilishe shokapu za nyuma; wao wakaingia chini yake na msumeno, wakakata bomba la moshi, wakatoa masega yaliyokuwa ndani, wakachomelea kipande cha bomba tupu mahali pake. Hawakumwomba ruhusa, wala hawakumwambia baadaye. Masega ni kile kipande chenye vitundu vingi kama sega la nyuki, ambacho moshi wa injini hupitia ili upunguziwe sumu kabla haujatoka nje. Kina madini ya thamani, na wanunuzi wake hupita gereji hadi gereji kama wanunuzi wa vyuma chakavu. Kumwibia mtu kitu ambacho hajui kuwa anacho ni wizi wa namna ya pekee, kwa kuwa hata kelele za kuibiwa hazipigwi. Shokapu zilibadilishwa vizuri kabisa. Esnath alishukuru, akaaga, akamketisha binti yake kwenye kiti cha nyuma, akashika barabara ya Mbeya.

Naliweka jambo hili mwanzoni kwa makusudi, ili msomaji asipoteze muda, kama walivyoupoteza wengine, akijiuliza kama mwanamke huyu alikuwa na wasiwasi wa bure.

Esnath ni mtu wa Uyole. Wazazi wake walilima viazi na pareto kwenye miinuko ya juu ya mji, na yeye alianza biashara kwa kupanga viazi hivyo kwenye ndoo kando ya barabara kuu. Alipata leseni ya udereva akiwa na umri ambao wenzake walikuwa tayari wanaozesha, na mumewe, Mika, mwalimu wa kwaya kanisani kwao, alikuwa wa kwanza kucheka na wa kwanza kuomba lifti. Tangu apate gari, biashara yake ikawa mchele. Anateremka bonde la Usangu, anapakia kwa mkulima mmoja anayeitwa Ng'washi, karibu na Chimala, kisha anasambaza kwa wateja wake wa Mbeya na Iringa. Ng'washi ni Msukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka kaskazini yeye akiwa angali mgongoni. Urafiki wa wanawake hawa wawili ulianzia kwenye mizani na kuishia jikoni. Katika safari hizo Esnath hufuatana na binti yake wa pekee, Lugano, aliyekuwa na miaka mitano wakati huo, kwa kuwa Mika hushinda kazini na hakuna mwingine wa kumwachia. Mtoto hulala kiti cha nyuma, kichwa kikielekea upande wa dereva.

Taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi muda mfupi kabla ya Pasaka. Esnath alilipeleka gari Mbalizi kwa fundi Liberatus, mtu mchangamfu ambaye gereji yake haikosi redio wala wasikilizaji. Liberatus alichomeka kimashine chake cha kupimia, akasoma, akatikisa kichwa.

"Sensa ya oksijeni hiyo, mama. Ni kama pua kwenye bomba la moshi. Inanusa moshi, inaipelekea kompyuta taarifa. Pua yako imekufa."

"Imekufaje, na gari linatembea?"

"Kwani binadamu akiwa na mafua hatembei?"

Vijana waliokuwa wamekalia matairi wakaangua kicheko. Sensa ikabadilishwa, kumbukumbu ya kosa ikafutwa, taa ikazimika. Baada ya safari chache tu ikawaka tena, palepale, rangi ileile. Liberatus akabadilisha sensa mara ya pili, akilaumu vipuri vya siku hizi. Ikawaka. Akabadilisha mara ya tatu, sasa akimlaumu Esnath: pengine anapanda mlima na gia kubwa, pengine anajaza mafuta mabaya, akina mama mna miguu mizito. Ilipowaka tena hakufungua hata boneti. Alikata kipande cha utepe mweusi, ule wa kufungia nyaya, akakibandika juu ya taa.

"Haya, limepona."

"Limepona au nimefumbwa macho?"

"Mama Lugano, taa ndiyo inayokutia hofu. Usipoiona, hofu itatoka wapi?"

Tafakari maneno hayo. Chombo kilichotengenezwa ili kumwonya mwenye gari kilikuwa kinasema kweli tangu siku ya kwanza, kwa njia pekee kinayoijua, na kila kiliposema kweli kiking'olewa na kuwekwa kingine, ambacho nacho kikasema neno lilelile. Haikumjia fundi huyo akilini kwamba mashahidi wanaopokezana na kutoa ushahidi mmoja huenda wameona kitu kimoja.

Mwili wa Esnath nao ulikuwa umeanza kutoa ushahidi wake. Kichwa kilimuuma kila arudipo kutoka Usangu, maumivu ya kubana kama kilemba kilichokazwa. Lugano alitapika mara kwa mara njiani, na alipofika nyumbani alikuwa mzito wa kuamka. Bondeni, kwenye joto, walisafiri vioo vikiwa chini na hakuna aliyelalamika. Lakini ukipita Igurusi barabara huanza kupanda, baridi huingia, na ndipo foleni za malori yanayoelekea Tunduma hukutana nawe, yakikoroma kwa gia ndogo na kumwaga moshi mweusi. Hapo kila dereva wa nyanda hizi hufanya jambo moja bila kufikiri: hupandisha vioo. Esnath alivipandisha kwa sababu mbili, baridi na moshi wa malori. Harufu iliyobaki ndani aliihesabu kuwa ni ya malori hayohayo.

Hospitalini walimpima malaria, hawakuiona. Walimpima presha, ikawa ya kawaida, kwa sababu alipofika hapo alikuwa ametembea kwa miguu kwenye hewa safi na sumu imekwisha kupungua. Daktari kijana akamuuliza kama analala vizuri, kama kuna ugomvi nyumbani.

"Mama, haya ni mawazo. Punguza mawazo."

"Na mtoto? Naye ana mawazo?"

Daktari aliandika dawa ya maumivu.

Julai ilipofika, na baridi ya Uyole ikawa ile ya kuvaa makoti mawili, Ng'washi alimpa kuku wa kwanza. Nyumbani kwa Ng'washi mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu, na kuku wa zawadi hachinjwi pale. Huondoka akiwa hai, afike akiwa hai, akaanze ukoo kwenye banda la mgeni. Safari inayofuata, kabla hata ya kuuliza habari za watoto, mwenyeji huuliza habari za kuku. Alikuwa tetea mwekundu, mnene. Esnath alimweka ndani ya tenga, akaliweka tenga sakafuni nyuma ya kiti chake, akalifunika kwa kanga ili ndege wa bondeni asishtuliwe na baridi.

Walipofika Uyole, Lugano alifunua kanga ili amsalimie. Shingo ya tetea ilikuwa imelegea kama kamba.

Mika alisimama mlangoni akimtazama kuku, kisha akamtazama mkewe.

"Kuku mzima hafi hivihivi, Mama Lugano. Tena wa zawadi. Alikupa kwa mkono gani?"

"Kwa mikono miwili, Baba Lugano. Kama wanavyotoa watu wote."

"Mimi sisemi kitu. Nasema tu, tangu umezoea kula kwenye ile nyumba, unaumwa wewe, anaumwa mtoto. Sasa na kuku."

Hawakumla. Mika alimfukia nyuma ya choo, na jioni hiyo waliomba wakiwa wamefunga milango. Esnath aliniambia kwamba hofu iliyomwingia hapo haikufanana na ile ya taa. Ile ya taa ilikuwa ya kitu kilichoharibika. Hii ilikuwa ya mtu, na mtu huyo alikuwa rafiki yake. Alianza kukumbuka kila bakuli la maziwa alilokunywa kwa Ng'washi. Majirani wakaongezea petroli kwenye moto huo: Wasukuma wale wa bondeni, unawajua undani wao? Ndivyo wizi wa gereji moja ulivyogeuzwa kuwa tuhuma juu ya mwanamke asiyehusika, kwa sababu tu ametoka mbali na lugha yake haisikiki vizuri masikioni mwa majirani.

Mchele, hata hivyo, ulikuwa Usangu, na wateja walikuwa wanangoja. Agosti akateremka tena, Lugano nyuma.

"Mayu!" Ng'washi alimpokea kwa neno la heshima la kwao. "Mwanangu yule mwekundu anaendeleaje?"

"Anataga," Esnath alijibu.

"Nilijua! Basi leo nakupa mume wake. Asije akazaa nje ya ndoa."

Jogoo alikuwa mkubwa, wa madoadoa, mwenye sauti ya mnadani. Esnath alitafuta neno la kumkataa, lakini zawadi ya namna hiyo haikataliwi bila kutangaza vita. Alimpokea kwa mikono miwili, akamweka kwenye tenga, mahali palepale. Alikataa chakula kwa kusingizia tumbo.

Njia nzima ya bondeni jogoo aliwika, na Lugano akamwiga, hadi Esnath akawaomba wote wawili wanyamaze. Walipita Igurusi. Ukungu ulikuwa umeshuka na manyunyu yameanza. Akapandisha vioo. Kabla ya Inyala wakakuta foleni: lori moja lilikuwa limeharibikia mlimani na magari yamesimama, injini zikinguruma. Esnath naye akasimama bila kuzima injini, kwa kuwa kila baada ya muda foleni ilisogea kidogo. Kichwa kikaanza kubana. Akaona mikono yake juu ya usukani ikiwa kama ya mtu mwingine, mizito, iliyowekwa hapo na kusahauliwa. Akawaza kulaza kichwa kidogo tu. Kilichomzuia ni ukimya. Jogoo alikuwa amenyamaza.

Akageuka. Kichwa cha jogoo kilikuwa kimetoka kwenye tundu la tenga na kuning'inia. Na juu yake, ukingoni mwa kiti, ulikuwa uso wa Lugano, mdomo wazi, mkono umening'inia vilevile.

"Lugano."

Mtoto hakujibu. Esnath alimtikisa bega. Kichwa kikafuata mkono ulikokielekeza.

Hakumbuki alivyofungua mlango. Anakumbuka miguu ikimkataa, anakumbuka kumburuta mtoto kwa kwapa hadi kwenye nyasi za kando ya barabara, na honi za nyuma yake, na dereva wa lori akitoa kichwa dirishani.

"Wewe mama! Barabarani ndipo pa kupumzikia?"

"Mwanangu! Mwanangu haamki!"

Dereva aliruka chini. Alikuwa mtu mzima, amevaa koti la mvua. Alimgeuza Lugano ubavu, akampangusa uso kwa maji ya chupa, akampepea kwa kofia yake. Esnath alikuwa amepiga magoti kwenye matope, akiita jina lile bila kukoma, na kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile hakuwaza taa, wala uchawi, wala mchele. Aliwaza tu kifua kile kidogo, kama kinapanda.

Kilipanda. Lugano alikohoa, akatapika, akaanza kulia kilio kidogo cha hasira. Esnath alimkumbatia mpaka dereva akamwambia amwachie nafasi apumue.

Dereva akaenda kulisogeza gari lisizibe njia, vioo vyote akaviteremsha. Alirudi amemshika jogoo miguu.

"Na huyu wenu kafa. Nimtupe?"

Hakungoja jibu; akamrusha kwenye nyasi. Wakabaki hapo, mtoto akirudiwa na rangi, upepo wa mlimani ukivuma. Kisha nyasi zikatikisika. Jogoo alifumbua jicho moja. Alijaribu kusimama, akaanguka kifudifudi, akasimama tena na kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake.

"Ee Bwana!" dereva alirudi nyuma. "Kafufuka!"

Esnath alimtazama jogoo, akamtazama Lugano, kisha akalitazama gari lililosimama pale milango wazi. Aliniambia kwamba hapo alielewa kitu kimoja kwa mkupuo: hakuna uchawi unaoondolewa na upepo. Kilichowaangusha jogoo na mtoto kilikuwa mle ndani, nao wametolewa nje, wamepona. Na mle ndani alikuwa amemlaza mtoto wake tangu Machi, safari baada ya safari, akampandishia vioo kwa mkono wake mwenyewe.

Aliendesha hadi Uyole vioo vikiwa chini na mvua ikiingia, Lugano mbele amevikwa koti la dereva wa lori, ambalo mwenyewe alikataa kurudishiwa. Hospitalini hakungoja kuulizwa. "Amevuta moshi wa gari," alisema, na safari hii muuguzi alimsikiliza. Mtoto akawekwa kwenye oksijeni, akalazwa, akapona. Mika alikesha pembeni ya kitanda.

Simu ya kwanza Esnath alimpigia Ng'washi. Alimweleza yote, la tetea aliyefukiwa na la hofu aliyokuwa nayo juu yake.

"Kwa hiyo hukula kwangu kwa sababu nakuroga."

"Nisamehe, dada."

"Kwa jogoo wangu wa mbegu? Mayu, ningetaka kukuroga ningetumia kuku wa jirani." Kisha sauti ikabadilika. "Usiwashe hilo gari tena. Namtuma Budeba."

Budeba ni mdogo wake Ng'washi, fundi wa umeme wa magari. Alifika Uyole na basi, kompyuta ndogo mkobani. Hakuanza na gari, alianza na Esnath: lini taa iliwaka mara ya kwanza, gari lilikuwa limetoka wapi, kichwa kinauma vioo vikiwa juu au chini, tenga lilikaa upande gani. Esnath alijibu kila kitu, kwa kuwa alikuwa ameyatunza yote hayo kichwani muda wote akingoja mtu wa kumuuliza. Alipotaja shokapu za Iringa, Budeba aliinua macho.

"Ulikuwepo wanabadilisha?"

"Nilikuwa msibani."

Akaliwasha gari uani, milango wazi, akawaonyesha Esnath na Mika mistari miwili kwenye kioo cha kompyuta. Gari hili lina sensa mbili, alieleza, moja kabla ya masega na moja baada yake. Ya kwanza hupanda na kushuka haraka, kwa sababu moshi wa injini hubadilika muda wote. Ya pili inapaswa kutulia, kwa sababu moshi umekwisha kusafishwa. Kwenye kioo mistari yote miwili ilikuwa inarukaruka, mmoja ukiufuata mwingine kama kivuli.

"Sensa zote tatu alizozing'oa fundi wako zilikuwa nzima, dada. Zilikuwa zinasema moshi haujasafishwa. Ama masega yamekufa, ama hayapo."

Alizima injini, akapiga jeki, akaingia chini. Wakasikia akigonga bomba kwa spana, na bomba likaitika kwa sauti ya debe tupu. Alipotoka, vidole vyake vilikuwa na masizi. Mchomeleo ulikuwa umepasuka, na moshi ulikuwa ukitoka hapo, chini ya sakafu, badala ya kwenda nyuma. Kisha akafunua zulia nyuma ya kiti cha dereva. Kulikuwa na tundu la mviringo. Kizibo chake cha mpira kiliyeyuka, inaonekana, siku ile ya kuchomelea, na hakuna aliyejisumbua kukirudisha. Kingo zake zilikuwa nyeusi. Hapo ndipo lilipokaa tenga. Juu kidogo ya hapo ndipo palipokuwa kichwa cha Lugano.

Mika aliketi chini, kwenye vumbi la ua, na suruali yake ya kanisani.

Esnath alikwenda Iringa na picha za mchomeleo ule. Msimamizi wa gereji alizitazama akitafuna mua. "Masega hayana kazi, mama. Ukiyatoa gari linakuwa jepesi. Wengine wanatushukuru." Alipoambiwa kuhusu mtoto, alisema kwamba watoto hutapika kwenye magari. Malalamiko yaliyopelekwa panapohusika yamepokelewa kwa adabu na hayajajibiwa hadi ninapoandika. Gereji bado iko wazi.

Budeba aliziba tundu na kuchomelea bomba upya wiki ileile, lakini masega mengine yalichukua miezi mingi kupatikana. Yalifungwa tarehe 22 Juni 2024, uani kwa Esnath, mwenye gari akiwa amesimama hapo tangu jeki ilipopanda hadi iliposhuka. Siku hiyo Lugano mwenyewe alibandua utepe mweusi kwenye dashibodi. Taa ya njano haijawaka tangu hapo.